Barua ya wazi kwa mnaoandika wasifu wa waandishi wa habari mtandaoni

Ndugu zangu wahariri wa kamusi elezo huru, wa tovuti za watu mashuhuri na wa kurasa zote zinazoandika maisha ya watu,

  Nawaandikia hadharani kwa sababu kazi yenu iko hadharani, na kwa sababu wengi wa wanaoumizwa nayo ni watu ambao miaka yote wameandika habari za wengine, na leo wanaona haya kulalamikia zao.

Shukrani kwanza, wala si za kubembeleza. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, na imejengwa na watu wasiolipwa, wanaonunua vifurushi vya intaneti kwa fedha zao na kuandika usiku baada ya kutoka kazini. Pasipo wao, mwanafunzi wa sekondari Songea akitafuta habari za mtu wa kwao angeishia kwenye lugha asiyoimudu. Hilo nalijua na naliheshimu. Lakini wasifu wa waandishi wa habari walio hai, hasa kwenye zile tovuti zinazonakiliana usiku kucha, mara nyingi ni kazi ambayo chumba cha habari chenye kujiheshimu kisingeipitisha. Nimekaa kwenye meza ya uhariri wa gazeti sehemu kubwa ya maisha yangu. Habari iliyosimama juu ya "inasemekana" tuliirudisha kwa mwandishi ikiwa imechorwa kalamu nyekundu. Siku hizi naikuta "inasemekana" ileile imevuliwa neno lenyewe, ikabandikwa namba ndogo ya rejeo pembeni, na tayari imekuwa ukweli.

Sitajifanya sina upande. Niko upande wa wanaoandikwa. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mwandishi wa habari ana maadui aliowapata kazini

Mkandarasi aliyelipwa kwa barabara isiyokuwapo, kigogo wa halmashauri aliyeuza kiwanja cha shule, mbunge aliyenaswa kwenye kinasa sauti: hawa wote wana kumbukumbu ndefu, na wana fedha za kumlipa kijana mwenye kompyuta. Ukurasa ambao yeyote anaweza kubonyeza "Hariri" ni mahali pazuri pa kulipiza kisasi bila kuacha jina.

Hili si jambo la kufikirika. Kanuni ya Wikipedia kuhusu watu walio hai, ambayo baadhi yenu mnaitaja kila siku, ilizaliwa na masaibu ya mwandishi wa habari. Mei 2005 mtu asiyejulikana aliandika kwenye Wikipedia ya Kiingereza kwamba John Seigenthaler, mhariri mkongwe wa gazeti la The Tennessean la Nashville na mmoja wa waasisi wa USA Today, aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya John Kennedy na mdogo wake Robert, na kwamba aliishi Urusi ya Kisovyeti miaka zaidi ya kumi. Uongo mtupu. Seigenthaler alikuwa msaidizi wa Robert Kennedy. Mwaka 1961 alipigwa na kuzimia Montgomery, Alabama, akijaribu kumwokoa msichana aliyekuwa akishambuliwa na kundi la wabaguzi. Na Robert alipouawa, yeye alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza. Maneno yale yalikaa miezi minne. Tovuti nyingine zikayachukua yalivyo. Novemba mwaka huohuo akaandika makala kali kwenye USA Today, na baada ya hapo ndipo Wikipedia ilipowazuia wasiojiandikisha kuanzisha kurasa mpya katika toleo la Kiingereza na kuanza kutunga kanuni maalumu ya wasifu wa walio hai. Aliyeandika alipojulikana, alisema alikuwa anatania tu na mwenzake kazini.

Na adui si lazima atoke nje ya fani. Johann Hari, mwandishi wa safu katika The Independent la London, alikiri Septemba 2011 kwamba kwa jina la bandia alikuwa akichafua kurasa za waandishi wenzake aliokosana nao, huku akiung'arisha wa kwake. Kwenye kurasa za wenzake alimwita mmoja mchukia Wayahudi, mwingine mlevi. Jina lake la bandia lilikuwa na adabu, lilitoa maelezo marefu kwenye ukurasa wa majadiliano, lilijua kanuni. Wahariri wa kujitolea walilichukulia kama mwenzao wa kawaida kwa miaka.

Kwetu huku, mwandishi akiingia siasa mambo huwa mabaya zaidi. Saed Kubenea alimwagiwa tindikali Januari 2008 ofisini kwa gazeti la MwanaHalisi, na 2015 akawa mbunge wa Ubungo. Kenya, Mohammed Ali wa kipindi cha Jicho Pevu alichaguliwa mbunge wa Nyali 2017. Mtu wa namna hiyo ana mashabiki na mahasimu wa chama juu ya wale wa zamani wa kalamu, na kila uchaguzi ukikaribia ukurasa wake unahitaji mlinzi.

2. "Lisemwalo lipo" si kanuni ya uhariri

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo panaponiuma.

Nina dada yangu wa kazi, mtangazaji wa redio wa kipindi cha asubuhi. Simtaji, wala siitaji tovuti iliyomwandika. Ukurasa wake ulisema umri wake, ukakosea. Ukasema ameachika. Ukasema utajiri wake unakadiriwa kuwa dola nusu milioni. Chini palikuwa na marejeo matatu, yamepangwa vizuri kama ya tasnifu. Nilikaa nikayafungua. La kwanza halikufunguka kabisa. La pili lilikuwa ukurasa wa udaku uliosema "vyanzo vya karibu vinaeleza". La tatu lilikuwa tovuti iliyonakili ukurasa wake uleule neno kwa neno, hadi kosa la tahajia katika jina la kituo chake cha redio. Yaani ukurasa ulikuwa unajitolea ushahidi wenyewe.

Alipowaandikia kuomba waondoe, akajibiwa kwa heshima kabisa: "Dada, tuletee chanzo kinachokanusha." Sasa mtu ataleta wapi gazeti lililoandika kwamba fulani hana dola nusu milioni? Wakati huo shemeji yake alishampigia simu kuomba mkopo wa kununua bodaboda mbili, na alipokataa akaambiwa ana roho mbaya. Mnaweza kucheka, mimi nilicheka kwanza. Yeye hakucheka.

Mzigo wa kuthibitisha ni wa anayeandika. Haujawahi kuwa wa anayeandikwa, si magazetini, si mahakamani, wala si kwenye kanuni ya Wikipedia yenyewe, inayosema jambo lenye utata kuhusu mtu aliye hai lisipokuwa na chanzo kizuri liondolewe mara moja bila kusubiri mjadala. Kanuni ipo, ila tunaifuata pale inapoturahisishia.

Mzunguko ule wa ukurasa kujishuhudia una mfano maarufu Ujerumani. Februari 2009, Karl-Theodor zu Guttenberg alipoteuliwa waziri wa uchumi, mtu aliingia Wikipedia ya Kijerumani na kumwongezea jina moja, Wilhelm, katikati ya msururu wa majina yake mengi ya kuzaliwa. Magazeti makubwa yakalichapa, Bild likiwamo. Wahariri wa Wikipedia waliposhtuka na kuuliza chanzo, wakaonyeshwa habari ya Spiegel Online, ambayo nayo ilikuwa imelitoa Wikipedia. Jina la ziada halikumdhuru waziri. Weka hapo "alifukuzwa kazi kwa rushwa" badala ya "Wilhelm", na weka mwandishi wa mkoani badala ya waziri mwenye wanasheria.

Najua mtaniambia: "Mzee, vyanzo vya Kiswahili mtandaoni ni vichache." Kweli. Magazeti yetu mengi ya miaka ya 1980 na 1990 hayapo mtandaoni, na vipindi vya redio vimepotea hewani vilikotangazwa. Lakini rejeo halilazimiki kuwa kiungo cha kubonyeza. Jina la gazeti, tarehe na namba ya ukurasa vinatosha, na nakala za zamani za Uhuru, Mzalendo, Daily News na Majira hazijatoweka duniani. Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi Mohamed ina majalada, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu yake ya Afrika Mashariki. Tena mwandishi wa habari ana jambo ambalo watu wengi hawana: kazi yake ina jina lake na tarehe juu. Unaweza kumwandika vizuri kabisa kwa kazi zake, bila kugusa chumba chake cha kulala. Alianza wapi, aliripoti nini, habari ipi ilimpa tuzo, ipi ilimpeleka mahakamani. Hizo ndizo habari ambazo msomaji wa kamusi elezo anazihitaji. Ila angalieni mpaka: makala zake zinathibitisha alichoandika na lini, ukurasa wa mwajiri wake unathibitisha cheo chake, lakini hakuna kati ya hivyo kinachothibitisha kwamba ni "gwiji".

3. Lugha ya mahakamani haitaki haraka

Alikamatwa. Alihojiwa. Alishtakiwa. Alitiwa hatiani. Alifungwa. Haya ni mambo matano tofauti, na kwenye wasifu wa mtandaoni huwa yanamwagwa kwenye sufuria moja.

Chukueni kesi ya Joshua arap Sang, mtangazaji wa Kass FM nchini Kenya. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilithibitisha mashtaka dhidi yake Januari 2012, kwa madai ya mchango wake katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Kesi yake na ya William Ruto ilianza kusikilizwa The Hague Septemba 2013. Tarehe 5 Aprili 2016 majaji walio wengi waliisitisha kwa sababu ushahidi haukutosha. Hawakumtia hatiani. Hawakutamka pia kwamba hana hatia. Waliacha mlango wa kushtakiwa upya siku za mbele ukiwa wazi. Anayeandika "mtangazaji aliyechochea mauaji" amekosea. Anayeandika "mahakama ilimsafisha" amekosea vilevile. Sentensi sahihi ni ndefu kidogo, nayo ndiyo ya haki kwake na kwa waliopoteza ndugu zao Bonde la Ufa.

Haki simaanishi kupaka chokaa. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura la Rwanda, alihukumiwa Arusha tarehe 3 Desemba 2003 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, kwa mauaji ya kimbari, akapewa kifungo cha maisha. Mahakama ya rufaa ilitengua sehemu ya hukumu Novemba 2007 na kukipunguza kifungo hadi miaka 35, lakini hatia haikufutika. Hapo wasifu useme wazi, sentensi ya kwanza kabisa, bila "inadaiwa". Kuficha hukumu iliyokwisha kutolewa ni dhuluma kwa waliouawa.

Kati ya hao wawili yuko mwandishi Erick Kabendera, na kesi yake ndiyo mtihani wenu mgumu zaidi. Alikamatwa nyumbani kwake Dar es Salaam tarehe 29 Julai 2019. Polisi walisema kwanza kwamba wanachunguza uraia wake. Alipofikishwa mahakamani siku chache baadaye, uraia haukuwemo. Mashtaka yalikuwa ya kuhusika na genge la uhalifu, kukwepa kodi na utakatishaji fedha, na hilo la mwisho halikuwa na dhamana. Akiwa mahabusu mama yake alifariki, tarehe 31 Desemba, na hakupata kumzika. Aliachiwa 24 Februari 2020 baada ya makubaliano ya kukiri kosa na kulipa faini. Shtaka la genge la uhalifu likaondolewa. Watetezi wa uhuru wa habari, ikiwemo CPJ, kamati ya kuwalinda waandishi wa habari ya New York, walisema tangu mwanzo kwamba alikuwa analipizwa kwa maandishi yake.

Mnaona ulivyo rahisi kumwandika vibaya? "Mwandishi aliyetiwa hatiani kwa kutakatisha fedha": kila neno linaweza kupatiwa rejeo, na jumla yake ni upotoshaji. "Mwandishi aliyeachiwa huru baada ya kesi kufutwa": nao si kweli. Wasifu wa haki utasimulia mfululizo wote kwa tarehe, utasema alikiri nini na chini ya utaratibu gani, utasema mtu aliyeko rumande bila dhamana anakiri katika hali gani, na utawapa nafasi waliokosoa pamoja na ilichosema serikali. Na neno "uraia" lisibaki likielea pale juu kama doa. Lilitajwa, halikufikishwa mahakamani, basi.

4. Azory Gwanda

Tarehe 21 Novemba 2017 Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyekuwa akiliandikia Mwananchi kutoka Kibiti, alitoweka. Alikuwa ameandika kuhusu mauaji ya mfululizo ya viongozi wa vijiji na polisi katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Julai 2019 waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, Palamagamba Kabudi, alisema kwenye mahojiano na BBC kwamba Azory alitoweka na kufa. Baadaye akasema hakueleweka, kwamba serikali haina uthibitisho kama yu hai au amekufa.

Kwenye kamusi elezo kuna kisanduku cha kujaza tarehe ya kuzaliwa na ya kufariki, na kuna jamii ya "watu walio hai". Programu inataka jibu. Ninyi msilitoe. Kauli ya mahojianoni iliyosahihishwa na msemaji mwenyewe si cheti cha kifo, na familia isiyokabidhiwa mwili haistahili kuusoma msiba wake kwenye simu kwa sababu mhariri fulani alitaka kisanduku kisibaki kitupu. Aandikwe "alitoweka 21 Novemba 2017", na kisanduku kiachwe wazi.

5. Kabila, ndoa, mali na watoto

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inaorodhesha taarifa nyeti za mtu: asili ya kijamii na kikabila, imani, afya, maelezo ya mali, hali ya ndoa, majina ya watoto, wazazi na wenzi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani aliyeitunga alikuwa amefungua mbele yake ukurasa wa "maisha binafsi" wa mtangazaji yeyote wa Nairobi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Sheria ya Kenya inaacha nafasi kwa uandishi wa habari wenye maslahi kwa umma, na ni vyema iache. Sipendekezi mtu apelekwe mahakamani kwa kuhariri ukurasa, maana tunajua sheria za mtandao zinavyogeuzwa rungu katika nchi zetu. Nauliza tu: maslahi ya umma yako wapi katika jina la shule anayosoma mtoto wa mwandishi wa habari za uhalifu?

Kabila nalo. Kenya ilikwishaona katika ghasia zile za 2008 majina ya ukoo yanavyoweza kutumiwa barabarani. Mwandishi anayeripoti siasa akiandikwa kabila lake kwenye mstari wa kwanza, kila habari yake itasomwa kupitia hapo. Kama mwenyewe ameligusa katika kazi yake au kitabu chake, sawa. Kama ni kubahatisha kutokana na jina, ondoeni.

Wanawake ndio wanaoumia zaidi hapa. Mwanamume anaandikwa alichoripoti. Mwanamke anaandikwa aliyemwoa, aliyeachana naye, na umbo lake. Someni kurasa kumi za watangazaji wa kike kwenye tovuti za watu mashuhuri mniambie ni ngapi zinataja habari hata moja waliyoiandaa.

6. Sifa nazo

Kifupi. Wasifu uliojaa "mahiri", "mwenye kipaji cha pekee", "aliyejizolea umaarufu" umeandikwa na mhusika mwenyewe, au na mpwa wake, au na aliyeiga lugha ya sherehe ya kukabidhi tuzo. Unamharibia. Siku ukurasa ukigunduliwa kuwa ni wa kujipigia debe, hata tuzo ya kweli inatiliwa shaka.

Ninachowaomba

La kwanza: aya chungu kuhusu mwandishi aliye hai ikikosa chanzo kinachoweza kuibeba, iondoke siku ileile, na mjadala ufuate. Chanzo kinachoweza kuibeba ni chombo chenye mhariri anayejulikana, kinachoweza kushtakiwa na kuomba radhi. Picha ya skrini ya WhatsApp hapana, video ya mtu akizungumza ndani ya gari hapana, tovuti za kukadiria utajiri hapana kabisa. Nyaraka za mahakama mzisome ili kuelewa, lakini msizigeuze kuwa wasifu bila gazeti au kitabu kilichokwisha kuzipima.

La pili: anayeandikwa awe na mlango wa kubisha. Anwani ya barua pepe inayojibiwa kwa Kiswahili, na mtu anayejibu. Simaanishi apewe kalamu ajiandike. Asikilizwe kuhusu ukweli wa mambo, na kama tarehe si sahihi irekebishwe bila kumtaka alete vyombo vitatu vya habari kuthibitisha siku aliyozaliwa. Ikishindikana kuthibitisha, tarehe iondoke. Hakuna aliyewahi kupungukiwa kitu kwa kutojua siku ya kuzaliwa ya mtangazaji.

La tatu: mashindano ya kuandika makala yasihesabu wasifu wa walio hai kwa idadi. Kijana akiambiwa mshindi ni mwenye kurasa nyingi, ataandika mistari miwili miwili, ataweka chini alama ya "mbegu", yaani makala isiyokamilika, na kuwaacha watu mia katika hali ya nusu ukweli. Wasifu wa mtu aliye hai upimwe kwa marejeo yaliyofunguliwa na kusomwa na mtu wa pili.

La nne nalielekeza kwa ndugu zangu wa upande wa pili, maana nao wamejificha. Wahariri wa magazeti, acheni kunakili wasifu mtandaoni bila kuusema. Mnaugeuza uvumi kuwa chanzo. Klabu za waandishi wa habari mikoani, wekeni kumbukumbu za wanachama wenu: nani alifanya kazi wapi, kuanzia lini. Baraza la Habari Tanzania na Baraza la Habari la Kenya yana uzoefu wa kusuluhisha malalamiko dhidi ya vyombo vya habari. Yaiteni kwenye meza moja na wakabidhi, yaani wasimamizi, wa kamusi elezo ya Kiswahili. Lugha moja, nchi mbili, kurasa zilezile.

Msije mkaniambia kwamba hizi ni kurasa za intaneti tu. Mwaka 2007 mwanahistoria Mturuki Taner Akçam, anayeandika kuhusu mauaji ya kimbari ya Waarmenia, alizuiliwa saa kadhaa uwanja wa ndege wa Montreal; kwa maelezo yake, afisa alikuwa na chapa ya ukurasa wake wa Wikipedia, uliokuwa umechafuliwa na watu wanaomwita gaidi. Fikirieni mwandishi aliyewahi kutiliwa shaka uraia wake akisimama mbele ya afisa wa namna hiyo Kigoma, Namanga au Addis Ababa. Na sasa kuna programu za akili mnemba zinazojibu maswali kwa Kiswahili. Zimesomeshwa kwa maandishi ya mtandaoni, na kwa kuwa maandishi ya Kiswahili ni machache, ukurasa wenu mmoja una uzito ambao ukurasa mmoja wa Kiingereza hauna. Mtu akiiuliza simu yake "fulani ni nani?", simu haitasema "inasemekana". Itajibu kwa uhakika wote, kwa maneno yenu.

Anzeni na kurasa za waandishi walio hai zisizo na rejeo hata moja. Gawaneni majina, kila mmoja achukue machache anayoyaweza, aende maktaba au apige simu kwenye chumba cha habari. Ukurasa utakaopata chanzo ubaki. Ambao hautapata, ufuteni; utaandikwa tena siku ushahidi ukipatikana.

Wenu katika kazi,
Mhariri mstaafu wa gazeti,
Dar es Salaam